Studio, kazi za kuagizwa au mradi wako mwenyewe: ulinganisho kwa anayetaka kuishi kwa kupiga picha za watu

Anayetaka kuishi kwa kupiga picha za watu, yaani zile picha ambazo sura ya mtu ndiyo habari yenyewe, mapema sana hufika njia panda. Mara nyingi maswali anayojiuliza akiwa pale ni ya vifaa: kamera ipi, lenzi ipi, taa ngapi. Nimeifanya kazi hii kwa muda wa kutosha kuamini kwamba liko swali kubwa kuliko hayo yote: picha ikishapigwa, ni nani mwenye neno la mwisho la kusema kwamba imefaa? Katika studio inayohudumia watu binafsi, mwenye neno hilo ni yule yule aliyeketi mbele ya kamera, kwa sababu ndiye anayelipa. Katika kazi za kuagizwa na majarida, makampuni na mashirika, anayeketi ni mmoja na anayelipa ni mwingine. Katika mradi binafsi, ule mfululizo wa picha unaoubuni wewe bila kutumwa na mtu, anayelipa ni wewe, na neno la mwisho ni lako pamoja na hasara yake. Karibu mambo mengine yote ninayoyalinganisha hapa, kuanzia fedha na muda hadi hakimiliki na namna ya kuweka taa, yanatokana na tofauti hiyo.

Studio: anayelipa ndiye anayeketi

Hii ndiyo njia kongwe. Mwaka 1854 Mfaransa André Disdéri alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya namna ya kupiga picha ndogo kadhaa katika bamba moja, gharama ikashuka, na picha ya mtu ikaacha kuwa anasa ya wachache. Tangu hapo studio imekuwa mahali ambapo mtu wa kawaida huenda kuamua mwenyewe jinsi atakavyokumbukwa. Sijui mfano bora wa jambo hili kuliko Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Alitumia kamera kubwa ya sentimita 13 kwa 18, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka ya kitanda chake mwenyewe, yenye matamvua. Kila baada ya miaka michache alilibadilisha, na baadaye mapazia hayo ndiyo yaliyosaidia kutambua picha ipi ni ya kipindi kipi. Aliweka suti, saa za mkono, kalamu, redio, hata skuta, ili mteja achague vile anavyotaka kuonekana.

Vile anavyotaka kuonekana: hapo ndipo ugumu wa studio ulipo, na ndipo utamu wake ulipo pia. Aliwahi kuja kwangu mama mmoja wa makamo, amevaa vizuri, amesuka nywele siku ileile, lakini kila nilipoinua kamera mabega yake yalipanda kuelekea masikioni na kidevu kikaingia ndani. Nilipiga picha ishirini hivi, zote zikiwa safi na zote zikiwa si yeye. Nikaiweka kamera chini nikamuuliza picha hii ni ya nani. Akasema ni ya binti yake anayehama nyumbani, halafu akaanza kueleza jinsi binti huyo anavyofunga mizigo, huku mkono wake wa kulia ukizungusha pete ya mkono wa kushoto, taratibu, kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa. Mabega yalishuka yenyewe. Nilichukua kamera bila kumkatiza, nikapiga mara tatu, na ya pili ndiyo aliyoichagua. Hapakuwa na taa niliyoisogeza wala lenzi niliyoibadilisha. Kilichobadilika ni kwamba alikuwa amesahau kujilinda.

Stadi hiyo ya kuzungumza na kungoja haifundishwi na kamera, na hakuna shule inayoifundisha haraka kuliko studio ya watu binafsi, kwa sababu humo utaketi na mamia ya sura ndani ya muda mfupi, wengi wao wakiwa hawajawahi kupigwa picha na mtu wasiyemjua. Mtu maarufu amezoea lenzi na ana uso wake wa kazini. Mtu wa kawaida hana, na wewe unapaswa kumsaidia afike mahali ambapo hauhitaji. Hii ni sababu ya kwanza inayonifanya niwashauri wengi waanze hapa.

Upande wa vifaa, studio inadai nafasi kuliko inavyodai kamera ya bei kubwa, na watu wengi huligundua hilo baada ya kulipa kodi ya chumba. Hesabu yake ni rahisi. Lenzi ya milimita 85, ambayo wapiga picha wengi wa sura huipenda kwa sababu humlazimisha mpigaji asimame mbali kidogo na hivyo pua haikuzwi kupita masikio, ikiwa kwenye kamera yenye kihisi kamili (sehemu ya ndani inayopokea mwanga) cha milimita 24 kwa 36, huhitaji mita 1.7 hivi kati yako na mteja ili kupata kichwa na mabega. Lakini kumpata mtu mzima amesimama, kuanzia unyayo hadi utosini na nafasi kidogo juu na chini, utahitaji mita 5 hivi. Ongeza mita 1.5 au 2 kati ya mteja na pazia ili kivuli chake kisianguke nyuma, ongeza na mahali pako pa kusimama, utaona kwamba chumba cha mita 4 kinatosha kwa picha za kifua na hakitoshi kabisa kwa picha za mwili mzima. Karatasi za pazia nazo huuzwa zaidi kwa upana wa mita 1.35 na mita 2.72, ile nyembamba ni ya mtu mmoja aliyeketi, na familia ya watu watano itakulazimu ununue ile pana na uwe na ukuta wa kuitundika. Mwenye chumba kidogo asikate tamaa, ila aseme wazi katika tangazo lake kwamba anapiga picha za kifua na za wawili wawili, na azipige vizuri.

Fedha za studio huja kidogo kidogo lakini huja mapema. Mteja binafsi hulipa sehemu anapoweka miadi na kumaliza anapochukua picha, na akipendezwa hurudi: kwanza kwa uchumba, kisha kwa mtoto, kisha kwa mahafali ya mtoto. Kodi ya chumba haisubiri msimu, na msimu upo kila mahali. Miezi ya sherehe hujaa, miezi mingine huwa mitupu. Faida kubwa mara nyingi haiko katika kupiga bali katika vitu anavyoondoka navyo mteja mkononi, yaani picha zilizochapishwa, fremu na albamu. Studio inayokabidhi mafaili peke yake imejinyima nusu ya biashara, na kwa maoni yangu imemnyima pia mteja, kwa kuwa picha inayobaki ndani ya simu hufutika pamoja na simu.

Kuna bei nyingine ya kumpa mteja neno la mwisho. Wapo watakaotaka ngozi ilainishwe hadi ndugu zao wasiwatambue. Mimi nina kanuni moja ambayo humweleza mteja kabla hajaketi: chunusi itakayopona baada ya wiki naiondoa bila kuuliza, kovu, mvi na mistari ya kicheko naviacha, isipokuwa mwenyewe aniombe. Wakiniomba, nafanya, kwa sababu sura ni yao. Asiyeweza kuvumilia ombi hilo hata mara moja atateseka sana studioni, na ni heri ajue mapema.

Kazi za kuagizwa: wanaoketi na wanaolipa si hao hao

Katika njia hii simu hupigwa na mhariri wa picha, ofisa mawasiliano au wakala wa matangazo. Unaelezwa nani apigwe, lini, picha ni za matumizi gani, na mara nyingi hata rangi ya nyuma. Mtu anayekaa mbele yako huenda hakuiomba picha hiyo na hana muda nayo.

Mfano unaojulikana sana ni wa mpiga picha Yousuf Karsh. Tarehe 30 Desemba 1941, mjini Ottawa, alipata dakika chache na Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, aliyekuwa ametoka kulihutubia Bunge la Kanada. Churchill alikuwa na siga mdomoni na hakuonyesha dalili ya kuitoa. Karsh akamsogelea, akaichomoa, akarudi kwenye kamera, na uso ule uliokasirika ndio uliozunguka dunia nzima. Watu husimulia ujasiri wake na kusahau sehemu yenye manufaa zaidi kwa anayejifunza: kamera na taa alizitega usiku uliotangulia. Dakika chache zilitosha kwa kuwa hapakubaki kitu cha kurekebisha isipokuwa mtu mwenyewe. Kazi ya kuagizwa ndivyo ilivyo. Asilimia kubwa ya ubora wake huamuliwa kabla mwenye sura hajaingia chumbani.

Niliwahi kuagizwa na taasisi moja kuwapiga picha wafanyakazi wake arobaini kwa siku moja, ndani ya chumba cha mikutano chenye meza isiyohamishika. Hesabu ilinipa dakika kama sita kwa kila mtu, pamoja na kuingia na kutoka. Nilifika saa mbili kabla, nikafunika dirisha moja, nikaweka taa moja kubwa yenye kitambaa cha kulainisha mwanga na ubao mweupe upande wa pili, nikampiga mlinzi wa mlangoni kama jaribio. Funzo la siku hiyo lilikuwa kwamba mwanga unaomfaa mtu wa kwanza humwacha wa pili gizani. Kamera ikiachiwa ipime yenyewe mbele ya pazia jeupe, hudanganywa na weupe ule na kuzizamisha sura zenye ngozi nyeusi; kwa hiyo nilipima mwanga kwenye shavu la kila aliyeketi, na kwa baadhi yao niliusogeza ule ubao karibu kwa hatua moja. Sekunde kumi tu kwa mtu, lakini ndizo zinazotenganisha picha ya mtu na picha ya kitambulisho.

Jambo lililoniuma siku ile lilikuja baadaye. Mfanyakazi mmoja aliniambia kwa upole kwamba picha iliyochaguliwa na ofisi ndiyo pekee aliyokuwa ameniomba niifute, na mimi sikuwa na uwezo wa kuibadilisha. Tangu hapo huweka katika makubaliano kwamba kila anayepigwa aruhusiwe kuondoa walau picha moja kabla hazijafika kwa anayelipa. Wengi hukubali, kwa kuwa haiwagharimu kitu.

Neno la mwisho likiwa kwa anayelipa, naye anaweza kukosea. Mwaka 1946 Arnold Newman alimpiga picha mtunzi wa muziki Igor Stravinsky: mwanamuziki amewekwa kwenye kona ya chini ya fremu, kichwa kimeegemea mkono, na sehemu kubwa ya picha imejazwa na mfuniko wa piano ulioinuliwa, mweusi, wenye umbo linalofanana na alama ya muziki. Jarida lililoiagiza liliikataa. Leo hiyo ndiyo picha ya Newman inayojulikana kuliko zote. Anayechagua njia hii ajizoeze kutoa anachotakiwa kutoa, halafu, dakika mbili zikibaki, apige ile picha anayoiona yeye. Na mkataba useme malipo gani yatatolewa iwapo kazi iliyofanywa sawasawa itakataliwa.

Ndani ya njia hii yenyewe kuna migawanyiko. Majarida hulipa kidogo, huandika jina lako chini ya picha na kukufikisha kwa watu ambao usingefika kwao kamwe. Makampuni hulipa zaidi, hayaandiki jina, na huchelewa. Malipo ya mwezi mmoja au miwili baada ya ankara ni jambo la kawaida, na mpiga picha asiye na akiba ya miezi mitatu atajikuta anakopa huku anadai. Anayefaa hapa ni mtu mwenye mpangilio, anayejibu barua siku ileile, asiyechelewa, na asiyetishwa na chumba kibaya. Irving Penn mwaka 1948 alisimamisha mbao mbili zikakutana kwa pembe nyembamba studioni mwake, akawaweka watu mashuhuri ndani ya kona hiyo. Wengine walijibana, wengine walisukuma kuta, na kila mmoja akajieleza bila kusema neno. Mbao mbili, basi. Anayeweza kufikiri hivyo atafanya vizuri katika kazi za kuagizwa.

Mradi binafsi: unalipa wewe

Huku ndiko wengi wanakoota kwenda, na ndiko wachache sana wanakokula. Mradi binafsi ni swali unalolifuata kwa miaka kwa kupiga sura nyingi zenye uhusiano: watu wa kazi fulani, wa umri fulani, wa hali fulani. Mapato yake, yakija, huja kwa ruzuku, kwa nakala zinazouzwa kupitia maonyesho, kwa kitabu, au kwa njia ya mzunguko, pale mhariri anapouona mradi na kukupa kazi ya kuagizwa.

Wanaoitazama njia hii kutoka mbali hudhani kwamba wakubwa wake waliacha kazi nyingine zote. Historia inasema vinginevyo. August Sander aliendesha studio mjini Cologne huku akiwapiga picha Wajerumani wa matabaka yote kwa miongo kadhaa. Mwaka 1929 alitoa kitabu chenye picha 60 tu kutoka katika kazi hiyo, na mwaka 1936 utawala wa Wanazi ukayaharibu mabamba ya kukichapia. Samuel Fosso alifungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 13. Filamu ya mteja ilipobaki na nafasi chache mwishoni, alijipiga mwenyewe ili isipotee na apate picha za kumpelekea bibi yake, na picha hizo za mabaki ya filamu ndizo zilizomjengea jina kama msanii. Keïta naye alifanya kazi yake kwa ajili ya wateja wa mtaani kwake, na picha zake zilianza kuonyeshwa nje kama sanaa miaka ya 1990, miongo mitatu hivi baada ya studio kufungwa. Hata Richard Avedon, aliyewapiga watu 752 katika majimbo ya magharibi ya Marekani kati ya 1979 na 1984, wote mbele ya karatasi nyeupe iliyotundikwa nje kivulini, aliweza kwa kuwa jumba moja la makumbusho la Texas lilimwagiza kazi hiyo, na kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na zaidi ya miaka thelathini ya kazi za majarida.

Waswahili husema mshika mawili moja humponyoka, na kwa mambo mengi nakubali. Kwa hili, ushahidi uko upande wa wanaoshika mawili.

Mradi wangu mwenyewe ni wa watu wanaofanya kazi usiku: walinzi, wauguzi, waokaji mikate, madereva wa magari ya mizigo. Kwa mwaka wa kwanza nilipata picha kumi na moja ninazoweza kuzionyesha. Hakuna aliyenilipa, na hakuna aliyeniharakisha. Muuguzi mmoja alinikubalia nimpige baada ya zamu, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa bado na alama ya barakoa juu ya pua, mistari miwili myekundu iliyoshuka hadi mashavuni. Studioni ningengoja alama zile zipotee. Katika kazi ya kuagizwa ningeambiwa nizifute. Pale nilizitafutia mwanga wa pembeni ili zionekane, kisha nikaketi naye kumwonyesha na kumweleza picha hiyo itaonekana wapi. Aliuliza swali ambalo tangu siku hiyo nalijibu kabla sijaulizwa: je, akibadili mawazo baada ya miaka miwili? Katika mradi binafsi hakuna mteja wa kukukemea wala mhariri wa kukuzuia, kwa hiyo wajibu wote kwa mwenye sura ni wako peke yako. Zanele Muholi, ambaye tangu 2006 amekuwa akiwapiga picha wasagaji na watu waliobadili jinsia Weusi nchini Afrika Kusini, huwaita washiriki na amewarudia baadhi yao baada ya miaka kuwapiga tena. Nimejifunza kwake kwamba ruhusa hutunzwa kwa kurudi.

Hakimiliki, ambayo kila njia huigusa kwa namna yake

Mwaka 1884 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iliyohusu picha ya mwandishi Oscar Wilde, iliyopigwa na Napoleon Sarony. Kampuni moja ya uchapaji ilikuwa imetoa nakala 85,000 bila ruhusa, ikidai kwamba picha ni kazi ya mashine na haina mtunzi. Mahakama ilisema mtunzi yupo: ndiye aliyemweka Wilde katika mkao ule, akachagua vazi, pazia, mwanga na kivuli. Kwa maneno mengine, kile hasa ambacho mpiga picha wa watu hukifanya kabla ya kubonyeza ndicho kinachomfanya kuwa mtunzi.

Hata hivyo sheria hazifanani. Katika nchi nyingi hakimiliki huanzia kwa aliyepiga picha, isipokuwa ameajiriwa kuifanya kazi hiyo. Ziko nyingine ambazo picha iliyoagizwa na kulipiwa huhesabiwa kuwa ya aliyeagiza, mpaka mkataba useme vinginevyo. Studioni suala hili hupita bila ugomvi kwa kuwa mteja anataka picha zake tu, ingawa unapaswa kumwomba ruhusa ya maandishi kabla ya kuitundika sura yake mlangoni au mtandaoni. Katika kazi za kuagizwa ndipo fedha zilipo: usiuze picha, uza ruhusa ya kuitumia, ukitaja mahali, muda na namna, maana picha ya ripoti ya ndani na picha ya bango la barabarani ni kazi mbili hata kama ni sura ileile. Katika mradi binafsi umiliki ni wako wote, na thamani yake ni ya polepole mno, pengine kwa watoto wako zaidi kuliko kwako.

Nani achague ipi

Kama unapenda watu kuliko picha, chagua studio. Nalisema hili kwa heshima kubwa, kwa sababu wapo wapiga picha hodari ambao hupenda picha kuliko watu, na studio huwachosha ndani ya mwaka. Utajua uko upande upi kwa jinsi unavyojisikia mteja wa saa kumi anapochelewa nusu saa akifika na watoto watatu ambao hawakuwa kwenye miadi.

Kama unafurahia kutatua tatizo chini ya shinikizo, na unaweza kuitoa kazi yako mikononi bila kuugua inapokatwa juu na chini ili maandishi yaingie, kazi za kuagizwa zitakulea vizuri. Njia bora ya kuziingia bado ni kumsaidia mwenye kuzifanya. Karsh mwenyewe alijifunza kwa John Garo, mjini Boston, kabla ya kuwa na studio yake. Msaidizi hubeba taa, lakini pia husikia jinsi simu ya mteja inavyojibiwa na jinsi bei inavyotajwa bila sauti kutetemeka, na hayo ndiyo huwaangusha wengi wenye vipaji.

Mradi binafsi sishauri mtu auchague kuwa njia ya pekee ya kujilisha, isipokuwa ana chanzo kingine cha kipato ambacho hakimnyang'anyi macho yake. Lakini namshauri kila mmoja, wa studio na wa kuagizwa, awe nao tangu mwaka wa kwanza, hata kama ni picha moja kwa mwezi. Umri si kizuizi. Julia Margaret Cameron alipewa kamera yake ya kwanza mwaka 1863 akiwa na miaka 48. Kizuizi ni kungoja muda usio na kazi, muda ambao hauji.

Kama baada ya yote haya bado huna hakika, fanya jaribio ambalo halikugharimu zaidi ya siku moja. Mwombe mtu mmoja aketi mara tatu. Mara ya kwanza mpige kama anavyotaka yeye, naye achague. Mara ya pili mwombe rafiki yako akupe maagizo ya maandishi, mstari kwa mstari, rangi ya nyuma na umbo la fremu, uyafuate yote, na rafiki huyo ndiye achague. Mara ya tatu mpige kama unavyomwona wewe, uchague mwenyewe, kisha umwonyeshe. Ziweke tatu hizo mezani zikiwa zimechapishwa, kwa ukubwa mmoja, uziache hapo kwa wiki, na uangalie ni ipi unayoinama kuirekebisha kila unapopita.